Wanaomfikia mgonjwa kwanza uwanja wa ndege wafundishwe kwa vitendo

Mhariri, naomba nafasi kwenye gazeti lako maana hili jambo linanikaa rohoni, sisi tunaoishi huku Kipawa na Kiwalani ndugu na majirani zetu wengi wanakula kupitia ule uwanja wa Julius Nyerere.

Abiria akidondoka kwenye foleni ya pasipoti anayemfikia kwanza sio daktari, ni dada wa usafi, kijana wa kusukuma viti vya magurudumu, askari aliye karibu, alafu ndio wanakuja zimamoto na watu wa ambulansi. Maafisa afya wa mipakani wanapima joto na nawashukuru sana, ila Ebola na Marburg (virusi vya jamii moja, vinaambukiza kwa damu na majimaji ya mgonjwa) zinaweza kukaa mwilini hadi siku 21 kabla ya dalili, na kuna msafiri anameza panadol homa inashuka, kamera inamuona mzima.

Tukumbuke Lagos, Julai 2014. Abiria kutoka Liberia mwenye Ebola alizidiwa pale uwanja wa ndege, afisa wa itifaki wa ECOWAS (jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi) aliyeenda kumpokea akamsaidia kufika hospitali, na yule afisa naye akaambukizwa akafa. Jamani, alikuwa anamsaidia tu mgeni! Nigeria nzima waliugua watu 20 wakafa 8. Na kwetu sio hadithi za mbali, 2023 Marburg iliingia Kagera wakaugua 9 wakafa 6 akiwemo mhudumu wa afya, mwanzoni mwa 2025 ikarudi Biharamulo huko huko Kagera, waliohesabiwa 10 (maabara ilithibitisha 2, wengine 8 walidhaniwa) na wote wakafa. Mtu anapanda ndege Bukoba asubuhi, mchana yuko Dar.

Sasa watu wakisikia mafunzo ya kujikinga wanafikiria semina, projekta, chai na maandazi, cheti. Hapana. Ukweli ni kwamba hatari kubwa iko kwenye kuvua mavazi ya kujikinga, maana wakati wa kuvua gauni na glovu zimeshachafuka na matapishi au damu, wewe umechoka, jasho linakutiririka kwa hili joto la Dar, miwani imejaa ukungu unatamani kufuta uso tu. Kuna muuguzi wa Madrid aliambukizwa Ebola 2014 akasema huenda aligusa uso na glovu wakati anavua, na huyo ni mtu wa hospitali. Je kijana wa viti ambaye hajawahi kulishika lile gauni? Kuvua kuna mpangilio wake, kipi kinaanza kipi kinafuata, mikono unaisafisha kila hatua, na anatakiwa awepo mwenzako anakuangalia na kukusomea hatua moja moja. Hicho kitu hakiingii kichwani kwa kusikiliza, kinaingia kwa kurudia rudia mpaka mkono uzoee, na baada ya miezi michache unarudia tena kwasababu mtu anasahau.

Kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, zinataka uwanja wa kimataifa ufanye zoezi kubwa la dharura angalau kila miaka miwili, au mitatu kama linatanguliwa na majaribio ya sehemu sehemu. Mimi naomba zoezi lijalo lisiwe la moto na moshi peke yake, awekwe na abiria anayetapika damu, tuone nani anamsogelea, nani anawatenga waliokaa naye jirani kwenye siti, ambulansi inapita mlango gani, na nani anaisafisha baadae kwa klorini.

Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, Wizara ya Afya na Zimamoto wakae meza moja walipange hili, na wasiwaache nje vibarua wa makandarasi, wala zamu ya usiku, maana zipo ndege za mbali zinazotua usiku. Na kabla hata ya hayo mafunzo wapewe chanjo ya homa ya ini B dozi zote tatu, na kila mmoja ajue kwamba akichomwa na sindano au akirukiwa na damu machoni dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, aambiwe na ni dirisha gani la kwenda kuzichukua hata ikiwa saa nane usiku.

Mkazi wa Kipawa, Dar es Salaam