Kwa shoga yangu fundi

Shoga yangu Mama Salha,

Salamu nyingi kutoka Dar. Sisi wazima, hofu ni kwako wewe na watoto.

Sauti uliyonitumia baada ya daktari kukuambia una ADHD, ile hali ya ubongo inayofanya umakini na kujizuia viwe vigumu, nimeisikiliza yote. Unauliza mtu mzima anapataje ugonjwa wa watoto. Hukuupata sasa, shoga. ADHD huanza utotoni, ndiyo maana daktari alikuhoji sana mambo ya shule ya msingi: mwongozo wa Wamarekani wa 2013, unaotumiwa na madaktari wengi, unataka dalili kadhaa ziwe zilionekana kabla ya miaka 12. Wewe hukuwa ukiruka juu ya madawati. Ulikuwa ukiangalia dirishani, ukaitwa mzembe, basi.

Kwa sisi wenye hali hii kuna nyakati mbili tu, sasa na siyo sasa. Gauni la harusi ya Jumamosi ni siyo sasa mpaka Ijumaa usiku, hapo ndipo nyumba nzima hailali. Russell Barkley, mwanasaikolojia Mmarekani aliyeitafiti ADHD miaka mingi, anasema shida yetu si kutojua la kufanya, ni kulifanya tunalolijua kwa wakati wake. Kwa hiyo anashauri vikumbusho viwekwe palepale kazi inapofanyikia. Sasa usikimbilie kununua daftari la ratiba. Likishafungwa, kwetu limekufa.

Ukuta wa juu ya cherehani ndio daftari lako. Tundika saa kubwa ya mishale, siyo ya simu, maana simu ukiishika kuangalia saa unaibukia kwenye video za mapishi. Chini yake funga kamba. Kitambaa cha kila mteja kiingie kwenye mfuko wake, ukibane kwenye kamba pamoja na karatasi yenye jina na siku ya kuchukua, kwa maandishi makubwa. Mwenye siku ya karibu zaidi akae kushoto. Mkono uanze kushoto kila asubuhi, hata kama kitenge cha kulia ndicho kizuri. Najua kitakuita.

Halafu hili la "njoo kesho". Watu wanadhani mafundi mnadanganya. Wewe hudanganyi, unaamini kabisa! Ukisema gauni ni saa mbili unahesabu kushona peke yake. Kukata je? Overloki, zipu iliyokataa, vifungo, pasi, umeme uliokatika, jirani aliyeingia "dakika moja tu"? Kwa magauni machache yajayo andika kwa chaki, pembeni ya meza, saa uliyoanza kukata na saa uliyomaliza kupiga pasi. Hicho ndicho kipimo chako. Mpaka ukipate, mteja akikubana mjibu: "Nitakupigia jioni nikutajie siku." Atanuna kidogo, lakini kununa kwa leo ni nafuu kuliko matusi ya mkesha wa Idi.

Kuna na upande wa pili, ule wa kuzama. Ukishika darizi ya shingo ya kanzu hukumbuki kula. Watu wanaona hiyo na kusema mbona umakini unao. Unao, ila usukani wake ndio mgumu. Hapo adhana ni msaada mkubwa, nawe uko jirani na msikiti. Ikiadhiniwa adhuhuri, inuka hata kama sindano iko katikati ya ua. Kukata kuwe kumeisha kabla yake; baada ya alasiri usianze nguo mpya, malizia zilizoanza.

Ukishindwa kabisa kuanza, nipigie. Hatutaongea. Mimi nitakuwa napanga risiti za dukani, wewe unakata, simu iko mezani kwenye spika. Sijui kwa nini mtu mwingine akiwepo kazi inatembea, lakini inatembea.

Dawa mfuate daktari wako, usimeze ya mtu. Zinawasaidia wengi kutulia kwenye kazi, ila hakuna kidonge kinachokata gauni.

Ukishaifunga kamba nipigie picha. Usiniandikie barua, utaianza leo niipate mfungo wa mwakani. Na lile dera langu libane kulia kabisa, sina haraka nalo.

Nisalimie mama na Salha.

Ni mimi shoga yako,
Mama Rayyan