Kunyunyizia kila jioni hakuokoi bustani

Ndugu Mhariri,

Kila vuli inapokatika mapema, ushauri unaozunguka mitaani hapa Tanga ni ule ule: nyunyizia asubuhi na jioni, inua matuta, panda kwenye viroba. Naomba nafasi niupinge. Kwa mchanga wetu wa pwani na upepo wa kaskazi, ushauri huo unamaliza mboga kabla masika haijabisha hodi.

Tupige hesabu kidogo. Lita 1 ya maji kwenye mita 1 ya mraba ni sawa na mvua ya milimita 1. Ndoo ya lita 20 ukiigawa kwenye bustani ya mita 4 kwa 4, umeipa milimita 1 na robo. Mboga yenye majani ya kutosha, Januari yenye jua na upepo, hupoteza kama milimita 5 kwa siku, udongo na majani kwa pamoja. Maji hayo yanalowesha sentimita moja au mbili za juu, na kabla ya adhuhuri hayapo. Mizizi nayo hufuata maji, basi inabaki juu juu kwenye mchanga wa moto, na siku bomba lisipotoa mmea hauna akiba yoyote chini. Ndoo hiyo hiyo ikimwagwa kwenye kitalu kimoja cha mita 1 kwa 4 inafidia siku nzima. Bora zaidi ni ndoo mbili kila baada ya siku moja, zikimwagwa polepole mpaka zizame sentimita 10 na ushei. Fukua kwa kijiti nusu saa baadaye: mchanga wa chini ukifinyangika mkononi, maji yamefika. Kuzidisha hapo ni hasara, kwani mchanga hauyashiki; yanapita chini ya mizizi yakaenda zake.

Maana yake ni kwamba lazima uchague cha kuacha kife, na hapa ndipo wengi tunaposhindwa, tunagawa maji kwa huruma. Kabichi, chainizi, figili na nyanya kubwa zing'olewe. Zibaki kunde, bamia, matembele, kisamvu, nyanya chungu na mlonge. Mchicha nao ubaki, si kwa sababu unavumilia sana bali kwa sababu unavunwa ndani ya wiki tatu au nne, kwa hiyo jumla ya maji yake ni ndogo. Mgomba uachiwe mama na mtoto mmoja, machipukizi mengine yakatwe.

Matuta ya kuinuka ni ya masika. Yameinuliwa ili yakauke haraka, na ndivyo yanavyofanya. Kiangazi chimba kitalu cha kuzama: upana mita 1 ili mkono ufike katikati bila kukanyaga, kina sentimita 20 chini ya usawa wa njia. Changanya ndoo mbili za samadi iliyooza, au mboji, kwa kila mita ya mraba. Samadi mbichi ya kuku usiiguse. Inaunguza mizizi hata mwaka wa mvua, sembuse sasa. Kama una makumbi ya nazi, chimba sentimita 30 zaidi, yapange safu moja upande wa ndani ukiangalia juu, kisha rudisha udongo. Yanashika maji chini ya mizizi. Yawe makumbi makuukuu yaliyokwisha kunyeshewa, siyo yale ya jana kutoka sokoni. Viroba na magunia yaliyosimama juani yanapigwa upepo pande zote. Kama huna pengine pa kupanda, vizike nusu ardhini.

Baada ya kumwagilia, funika. Nyasi kavu zisizo na mbegu, makuti yaliyokatwakatwa, maganda ya kunde, unene wa vidole vinne. Kosa la kawaida ni kutandaza juu ya mchanga mkavu, kisha kumwagia kidogo kidogo: matandazo yanakunywa maji yote na udongo unabaki mkavu chini yake. Lingine ni kuyasukuma mpaka shinani. Acha nafasi ya vidole vinne kuzunguka shina, la sivyo mchwa watapanda kutoka kwenye nyasi kavu wakale na mmea. Walio karibu na mashamba ya mkonge wanaweza kutumia mabaki yanayotoka korona (ile mashine ya kuchambua nyuzi za mkonge, si ugonjwa), ila yakiwa mabichi yana asidi na utomvu wake unawasha ngozi. Yaache kwenye lundo miezi kadhaa mpaka yageuke meusi na ile harufu ya uchachu iishe.

Kivuli pia, hasa kwa miche. Kichanja cha makuti urefu wa mita 1 na nusu, makuti yawe na mianya ili nusu ya jua ipite. Upande wa kaskazini-mashariki weka uzio wa makuti wenye matundu. Ukuta mzima unaurusha upepo juu, nao unashuka kwa nguvu upande wa pili na kuvuruga kilichopo.

Sasa mtungi, ambao ningependa kuuona kila ua. Chukua mtungi wa udongo wa lita 8 hadi 10, usiopakwa rangi wala kung'arishwa. Ujaze maji uuache usiku kucha. Asubuhi ubavu wake wa nje uwe na unyevu. Usipokuwa nao, huo umechomwa sana, haufai. Uzike mpaka shingoni na panda mboga kuuzunguka, umbali wa sentimita 15 hadi 20 kutoka ubavuni. Kwenye udongo wa mfinyanzi maji yangesambaa mbali zaidi, lakini kwenye mchanga wetu usitegemee zaidi ya sentimita 30. Jaza kila unapofika nusu. Mdomo ufunike kwa kifuu kipana au kibao, vinginevyo unafuga mbu. Asiye na mtungi atumie chupa ya plastiki ya lita 1 na nusu: kata kitako, toboa kifuniko kwa sindano ya moto tundu moja, funga kitambaa kwenye kifuniko ili mchanga usizibe, izike kichwa chini kando ya mmea. Ikiisha kwa dakika chache, tundu ni kubwa mno. Inatakiwa ichukue saa kadhaa.

Suala la chumvi halizungumzwi vya kutosha. Sahare, Raskazone, Mwambani na Tongoni, maji matamu ya kisima yanaelea juu ya maji ya chumvi yanayotoka baharini. Ukame ukiendelea na pampu zikivuta bila kupumzika, tabaka la juu linapungua na chumvi inapanda. Teka kidogo kidogo, asubuhi na tena jioni, kuliko kukausha kisima kwa mkupuo. Dalili kwenye bustani ni ncha za majani kuungua na utando mweupe juu ya udongo. Kunyunyizia hapa ndiko kubaya kupita kote, kwa kuwa maji yanaruka na chumvi inabaki. Mwagilia kwa wingi, mara chache, chini ya mmea bila kulowesha majani, na kila wiki mbili mwaga maji ya bomba mara mbili ya kawaida ili chumvi ishuke chini ya mizizi. Maharage, vitunguu na karoti havitaki chumvi hata kidogo. Spinachi na bitiruti vinavumilia, mnazi zaidi. Mtungi nao ukitumia maji haya unaziba vitundu vyake. Usugue kwa brashi.

Kule Pongwe na Amboni tatizo ni chokaa. Jani jipya likiwa la manjano huku mishipa yake ni ya kijani, mmea unakosa chuma kwa sababu udongo una chokaa nyingi. Usiongeze majivu hapo, yanazidisha. Weka mboji. Anayetaka kupimiwa udongo aulize TARI Mlingano, Muheza, kituo cha utafiti wa kilimo kinachoshughulika na udongo na mkonge.

Maji ya kufulia yanafaa kwa migomba, mipapai na minazi, siyo kwa mboga za majani. Tumia ya suuza, siku hiyo hiyo, maana yakilala yananuka. Yenye dawa ya kung'arisha nguo yamwagwe kando.

Mmea ukinyauka saa saba mchana lakini ukawa umesimama alfajiri, hauna kiu. Unajikinga na jua. Uliolala alfajiri ndio unaodai maji. Nyanya zikioza kitako, tatizo ni umwagiliaji wa leo mengi kesho hakuna: madini ya kalsiamu husafiri na maji, yakikatika tunda linakosa. Madoa madogo ya manjano na utando mwembamba chini ya majani ni utitiri, ambao hushamiri kwenye joto kavu. Piga maji ya nguvu upande wa chini wa jani asubuhi, siku tatu mfululizo, kabla hujakimbilia dawa. Na kwenye kitalu cha miche usimwage jioni; miche ikilala na maji shingoni, kinyausi, ugonjwa wa kuoza shina, kinaiangusha.

Mvua za kwanza za masika zikifika, wenye bustani za chumvi wasikimbilie kupanda maharage. Fungueni upande mmoja wa kitalu kilichozama, mvua mbili au tatu kubwa zioshe udongo. Bati lenye eneo la mita 40 za mraba, mvua ya milimita 10, linakupa kama lita 320 ukitoa zinazopotea. Ya kwanza kabisa iachie iondoe vumbi, inayofuata ielekeze kwenye pipa lenye wavu.

Mkulima wa bustani,
Mwambani, Tanga