Waya uliozungushwa nyuma ya darasa la sita

Tororo,
2 Septemba

Kwako ndugu yangu Ofwono,

Salamu nyingi, pamoja na za Mama Achieng na za watoto wote. Sisi huku hatujambo. Ukimya wangu wa miezi mitano sina namna ya kuutetea, na nitakuomba radhi vizuri tutakapoonana. Leo nina jambo linaloninyima usingizi tangu Jumanne iliyopita.

Jumanne hiyo, kabla tone la kwanza la mvua halijaanguka, radi ilipiga kinga ya radi iliyo juu ya paa la darasa la sita. Shule imefungwa, kwa hiyo hakuna aliyeumia. Lakini Nabwire, aliyekuwa akianua nguo kwenye nyumba za walimu, aliona cheche nene ikiruka kutoka kwenye waya unaoshuka ukutani hadi kwenye fremu ya chuma ya dirisha. Asubuhi nilikwenda kutazama. Rangi ya fremu imebabuka, pamebaki doa jeusi la ukubwa wa sarafu, na chini yake, karibu na nondo ya ethi, ile iliyopigiliwa ardhini ili umeme uishie udongoni, nikakuta kilichonishtua zaidi: fundi aliyefunga kinga ile alibakiwa na waya wa shaba, na badala ya kuukata akauzungusha mizunguko mitano, mipana kama sinia, akaifunga kwa kamba ya katani na kuiacha ikining'inia pale.

Hapo ndipo nilipokumbuka uliyonisimulia Jinja juu ya watu wanaoiita radi kwa roketi, nikaanza kusoma. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Florida walifanya kazi hiyo kwa miaka mingi huko Camp Blanding, na kabla yao Wafaransa walikwisha kuiteremsha radi kwa roketi pale Saint-Privat d'Allier mwaka 1973. Husubiri hadi uga wa umeme, yaani nguvu ya umeme iliyotanda hewani chini ya wingu, ufike kilovolti kadhaa kwa mita, kisha hurusha kiroketi cha urefu wa mita moja hivi kinachovuta waya mwembamba wa shaba uliounganishwa na ardhi. Kikifika mita 200 au 300, umeme huanza kupanda kutoka kwenye ncha yake kwenda winguni, waya huo hugeuka mvuke, na mkondo wa mamia ya ampea hupita kwa sehemu ya sekunde. Mkondo hukatika kidogo, halafu mapigo makubwa hushuka kwa njia ileile.

Uzuri wake, ndugu yangu, ni kwamba radi ya kawaida haimwambii mtu itapiga wapi, ila hii huja mahali ambapo vipimo vimekwisha tegwa. Mkondo hupitishwa kwenye kikinzani, yaani kipande kinachoupinga umeme, kidogo mno, cha takriban sehemu moja ya elfu ya omu, hivi kwamba ampea 15,000 huacha hapo volti 15 tu, ambazo kifaa huzisoma bila kuungua. Na habari hupelekwa kwenye chumba cha vipimo kwa nyuzi za kioo, ili umeme usipate njia ya kuifuata.

Nilimweleza Mzee Barasa hayo yote, akanijibu kwamba radi ya kuitwa si radi ya kweli. Anastahili jibu la heshima, kwa sababu hajakosea kabisa: pigo la kwanza la radi ya kawaida huwa na mkondo mkubwa zaidi, kwenye ampea 30,000 hivi, na roketi haitupi pigo la namna hiyo. Inachotupa ni mapigo yanayofanana na yale yanayofuata la kwanza, na hayo ndiyo hupanda kwa kasi zaidi. Chaji ni ya wingu lenyewe. Roketi imefungua njia tu.

Kasi hiyo ndiyo inayonirudisha kwenye ule mviringo wa waya. Vipimo vya radi ya roketi vilionyesha kwamba mkondo unaweza kupanda kwa ampea 100,000 hivi katika kila sehemu ya milioni ya sekunde. Kwa kasi hiyo, kila mita moja ya waya ulionyooka hubeba volti zipatazo 100,000 kati ya ncha zake, hata kama shaba ni nzito na ukinzani wake ni kama hakuna, maana waya wowote huupinga mkondo unaobadilika ghafla. Ukiuzungusha, unauzidishia kizuizi hicho kuliko urefu wake. Nilipiga hesabu ya mizunguko ile mitano nikaona ni sawa na kuongeza waya ulionyooka wa mita 20 hivi. Radi ilipofika pale iliona ni rahisi kurukia dirisha, na chini ya dirisha lile huketi watoto.

Unajua kwa nini silali. Tororo yetu ilirekodiwa kuwa na wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka, na wanafunzi 18 wa Runyanya, kule Kiryandongo, waliouawa na radi mwaka 2011 walikuwa shuleni kama hawa wetu.

Muhula wa tatu uko karibu. Je, unaweza kufika kabla watoto hawajarudi, na ukaazima ile mita ya kupimia ethi? Nikiukata mviringo ule na kuunga waya ukiwa umenyooka, kiungo cha kukaza kwa bolti kitatosha au lazima uchomelewe? Fremu za madirisha tuziunganishe na waya wa kinga, au tuusogeze waya mbali nazo? Na nondo moja tu ya ethi inatosha kwa udongo wetu huu wa mawe, au tuongeze nyingine mbili? Akinyi amekwisha pona? Bado mnakaa kwenye nyumba ileile?

Waya sijaugusa, maana mawingu yanajikusanya kila alasiri. Nimezungushia kamba upande ule wa ukuta, na wanaokuja kuchota maji nimewaomba wapitie upande wa jikoni hadi utakapokuja.

Ni mimi nduguyo,
Wanyama