Biskuti zinafanana, nyumba je?

Kwako Mhariri,

Kazi yangu ni kusoma prufu katika duka la uchapishaji huku River Road. Mwezi jana kijana mmoja alituletea kipeperushi cha Kiingereza cha nyumba zinazouzwa nje ya jiji. Chini ya picha ya nyumba zilizopangwa safu safu, paa zote za buluu, waliandika "beautiful cookie-cutter homes", yaani nyumba nzuri zinazofanana kama biskuti zilizokatwa kwa kibati kimoja. Nikapiga mstari mwekundu. "Mama, kosa liko wapi?" akaniuliza. "Si zote zinafanana?"

Zinafanana, ndiyo. Lakini Mmarekani akilisoma neno hilo hasikii sifa, anasikia dharau. Sisi tukisema watoto hawa ni shilingi kwa ya pili, hakuna anayekasirika, mama yao hata hutabasamu. Kijana yule alidhani amepata shilingi kwa ya pili ya Kiingereza.

Cookie cutter yenyewe ni kibati cha kukatia biskuti. Kwetu hatukuwa nacho. Mama alisukuma kinyunya kwa kifimbo cha chapati, akakandamiza mdomo wa gilasi, akauzungusha kidogo, na duara likatoka. Thelathini zikalala kwenye sinia, hakuna iliyozidi mwenzake. Kwa biskuti huo ni ustadi. Kwa nyumba, hotuba au insha, Mmarekani anamaanisha kwamba mwenye kazi hakufikiri, alikandamiza tu.

Huko Marekani, mtaa wa Levittown karibu na jiji la New York ulianza kujengwa mwaka 1947, na zikasimama nyumba zaidi ya 17,000 kwa ramani chache tu. Familia nyingi zilipata makao kwa bei nafuu, lakini wakosoaji walizibeza kwa kufanana kwake. Nami naishi Buruburu, ambako nyumba nyingi za miaka ya 1970 zilijengwa zikifanana. Leo jirani yangu wa kushoto ameongeza ghorofa, wa kulia ametoboa ukuta akafungua duka. Hata hapa, ukiziita kwa neno hilo mbele ya wenyewe, utakuwa umewatukana.

(Kistari cha katikati ya cookie-cutter nacho kina kanuni yake: neno likielezea nomino inayofuata, kiwepo, ukitaja kibati chenyewe, hakiwepo.)

Kipeperushi kilichapwa vilevile, nakala 2,000. Mwenye kampuni alisema neno linapendeza. Simlaumu sana, kwa maana shuleni tulikaririshwa misemo ya Kiingereza na maana zake kwenye daftari, mstari kwa mstari: huu ni kufanana, ule ni kuchoka. Hatukuambiwa upi unasifu na upi unauma.

Walimu wa Kiingereza, nawasihi muongeze safu ya tatu kwenye daftari hizo. Prufu ile yenye mstari mwekundu bado ninayo, na mwalimu atakayetaka kuwaonyesha wanafunzi wake nitampa nakala bila malipo.

Msoma prufu,
Buruburu, Nairobi