Barua kwa mpwa wangu aliyefungua breki za mbele

Mpwa wangu,

Picha uliyonitumia jana usiku nimeitazama sana. Pikapu imekaa juu ya stendi, tairi za mbele hazipo, na pale penye diski pamebaki habu tupu kama ufizi wa kibogoyo. Chini yake umeandika: "Mjomba, kilo zimeondoka." Sikujibu, maana jibu la usiku ule lingekuwa la matusi. Leo hasira zimepoa, nami nakuandikia hadharani kwa kuwa najua si wewe peke yako uliyeshika spana kwa nia hiyo ya kutoa breki za mbele ili gari liwe jepesi kwenye dragi, yaani mbio fupi za njia iliyonyooka.

Nikupe kwanza haki yako. Wazoefu wa dragi hukadiria kwamba ukipunguza kilo 45 unapata kama sehemu moja ya kumi ya sekunde kwenye robo maili, zile mita 402. Na kilo za mbele ni tamu zaidi kuzitoa, kwa sababu pikapu yako inasukumwa na tairi za nyuma. Hapo hujakosea.

Lakini umepata nini hasa? Diski mbili, kalipa (zile koleo zinazobana pedi kwenye diski), pedi na mabano yake, tuseme zimefika kilo 30. Hiyo ni sekunde 0.07. Tena usijidanganye kwamba kwa kuwa diski inazunguka basi faida ni kubwa kuliko inavyosema mizani. Diski imekaa karibu na kitovu cha gurudumu. Kinachokula nguvu ya kuzungushwa ni kile kilicho mbali na kitovu, yaani tairi na rimu.

Sasa njoo upande wa pili wa daftari. Nimepiga hesabu ya gari lenye asilimia 60 ya uzito mbele, kama pikapu isiyo na mzigo, likipita mstari wa mwisho kwa kilomita 160 kwa saa kwenye lami kavu. Ukiwa na breki zote nne, unasimama ndani ya mita 125 hivi. Ukiwa na za nyuma tu, unahitaji kama mita 370, na hapo nimekuchukulia kuwa dereva asiyekosea hata kidogo. Sababu unaijua, umeiona kila siku: ukikanyaga breki gari linainamisha pua, uzito unahamia mbele, nyuma kunabaki kwepesi. Wewe umeacha breki palepale uzito ulipopakimbia. Na hizo za nyuma ni za ngoma, zilitengenezwa kusaidia tu, si kubeba kazi yote. Ngoma ikipata moto inatanuka, inajitenga na breki shuu, vile vipande vinavyoisugua kwa ndani, pedali inazama chini ya mguu wako huku mstari wa mwisho uko nyuma tayari. Wahenga waliposema mbio za sakafuni huishia ukingoni, hawakuwa wamekuona wewe, lakini walikaribia.

Urefu wa njia, hata hivyo, si ndio unaoninyima usingizi. Nakumbuka siku nilipokuwa na umri kama wako. Kalipa ya kulia ilikuwa inavuja, nami kwa uvivu nikaziba mabomba ya breki za mbele kwa boliti, nikasema nitatengeneza kesho. Mvua ilikuwa imenyunya kidogo, mwendo wenyewe hata 80 haukufika. Nilipogusa pedali, tairi za nyuma zikajifunga, na kabla sijaelewa nikawa natazama nilikotoka kupitia kioo cha mbele. Sikusikia kishindo wala kelele, gari liligeuka taratibu tu kama mlango. Gurudumu lililojifunga halishiki tena upande. Likiwa la mbele, gari linakwenda moja kwa moja, likiwa la nyuma, mkia unataka kutangulia. Niliponea kwenye majani. Wewe utakuwa mara mbili ya mwendo ule, yaani nguvu ya kuzimwa ni mara nne.

Najua utaniambia: mbona dragsta za Top Fuel, yale magari ya dragi ya daraja la kasi kubwa kabisa, hazina breki za mbele? Kweli hazina. Lakini zitazame vizuri: ndefu, tairi za mbele nyembamba, sehemu kubwa ya uzito iko nyuma, na parachuti mbili mgongoni. Chini ya sheria za NHRA, chama cha mbio za dragi kule Marekani, gari linalofika maili 150 kwa saa, kama kilomita 241, ni lazima liwe na parachuti. Na bado, mwaka 2008, baada ya dereva Scott Kalitta kufariki gari lake liliposhindwa kusimama mwisho wa njia, walifupisha mbio za magari ya nitro, yaani yanayochoma mafuta ya nitromethane, hadi futi 1,000, kama mita 305.

Halafu kuna jambo ambalo nadhani hukulifikiria kabisa. Utachomaje tairi kabla ya mbio, yaani kuzizungusha palepale zipate moto na kushika lami? Ile valvu ya umeme, laini-loki, kazi yake ni kushikilia presha ya breki za mbele ili za nyuma ziachiwe zizunguke zipate moto. Bila breki za mbele haina cha kushikilia. Pale kwenye taa za kuanzia nako, ukipandisha injini huku umekanyaga pedali, itakuwa inapigana na breki za nyuma peke yake, na itazishinda. Yaani umetoa breki ili uondoke haraka, na umeharibu kuondoka kwenyewe. Na bomba la nyuma likipasuka siku hiyo, pedali haishiki kitu tena. Masta, ile pampu ya breki inayosukumwa na pedali, ina vyumba viwili ili kimoja kikifa kingine kifanye kazi, nawe umekiua kimoja kwa mkono wako.

Kama ni kilo, zipo. Hamisha betri uipeleke nyuma kwenye bodi; inapungua mbele na inakandamiza tairi zinazosukuma. Weka boneti ya faibaglasi. Toa kompresa ya AC na mabano yake yote. Spea tairi kama iko nyuma iache mpaka tupime, huenda inakusaidia kuondoka. Ukipata pesa, kuna diski nyembamba na kalipa za alumini zilizotengenezwa kwa dragi. Hizo zinakupunguzia kilo na breki inabaki.

Zile diski ulizofungua usimuuzie mtu wa chuma chakavu. Zifute mafuta, ziweke pamoja na boliti zake. Jumamosi nakuja na mizani na chupa mbili za oili ya breki, kwa maana hewa imeshaingia kwenye mabomba na kuitoa kunahitaji watu wawili: mmoja akanyage, mmoja afungue niplo. Wewe utakanyaga.

Mjomba wako