Fungueni madirisha: malalamiko kuhusu madarasa ya kuimba na tarumbeta

Mji wa Kale,
Mombasa.
15 Februari 2021

Kwa Meneja,
Kampuni ya Mafunzo ya Muziki,
Tawi la Mombasa.

Bwana Meneja,

KUH: USALAMA WA WANAFUNZI KATIKA MADARASA YA KUIMBA NA ALA ZA KUPULIZWA

Mimi ni mzazi wa watoto wawili wanaosoma kwenu, binti anayejifunza kuimba na kaka yake anayejifunza tarumbeta. Karo ya muhula huu nililipa yote kwa M-Pesa mwanzoni mwa Januari, shule zilipofunguliwa tena, baada ya kusoma tangazo lenu kwamba mmetimiza kila sharti la kujikinga na korona. Naandika kwa sababu niliyoyaona ndani hayalingani na tangazo hilo. Nimezungumza na dada wa mapokezi, nikazungumza na mwalimu, kisha nikakupigia simu wewe mwenyewe, na jibu limekuwa moja: sanitaiza ipo mlangoni.

Ni kweli ipo. Pia mna askari mwenye kipimajoto cha kuelekeza kwenye paji la uso, daftari la kuandika majina, na mishale ya manjano sakafuni ya kuwaonyesha watoto wapite kushoto. Sina ugomvi na hayo. Ugomvi wangu unaanza pale mtoto anapomaliza kufuata mishale na kuingia darasani.

Chumba cha tarumbeta na klarineti kina madirisha mawili. Yote mawili yamepigiliwa misumari na kuzibwa kwa sponji ya godoro na trei za mayai, ili sauti isiwafikie majirani. Hewa yote ni ya kiyoyozi kimoja cha ukutani. Fundi yeyote wa eisi hapa mjini atakwambia kwamba kiyoyozi cha aina ile hakileti hewa ya nje; kinavuta hewa iliyomo chumbani, kinaipoza, kinairudisha palepale. Watoto wanane na mwalimu wao hukaa humo saa nzima wakipuliza, barakoa zikiwa kidevuni kwa kuwa hakuna anayeweza kupuliza tarumbeta akiwa ameivaa sawasawa. Wakitoka hao, kundi jingine linaingia papo hapo na mlango unafungwa.

Jumamosi ya tarehe 6 nilifika kumchukua mwanangu kabla darasa halijaisha, nikasimama kwenye kioo cha mlango. Watoto wanne walikuwa wakitumia tarumbeta mbili kwa zamu. Mwalimu aliipokea moja kutoka kwa msichana aliyemaliza zamu yake, akapangusa kipande cha mdomoni kwa pindo la shati, akamkabidhi mwanangu. Mwanangu, kama alivyofundishwa, alifungua kitundu cha kumwagia maji, na maji ya pumzi ya mwenzake yakadondokea zulia. Pale yalipodondokea pana doa kubwa la kijivu, ndiyo kusema hayo ni mazoea ya siku nyingi. Uchafu huo ningeulalamikia hata kama korona isingekuwepo.

Darasa la binti yangu halina ala za kushirikiana, lakini lina jambo zito zaidi. Watoto wanasimama duara, wakitazamana uso kwa uso, wanaimba kwa sauti ya juu ndani ya chumba hichohicho. Mwalimu anawahimiza wafungue kinywa na kusukuma pumzi kutoka tumboni, na hivyo ndivyo kuimba kunavyofundishwa, simlaumu.

Huenda unaona natia chumvi. Basi tazama yaliyowapata wanakwaya wa Skagit Valley, katika jimbo la Washington, Marekani. Tarehe 10 Machi 2020, siku tatu kabla Kenya haijatangaza mgonjwa wake wa kwanza, walikutana mji wa Mount Vernon wakafanya mazoezi kwa saa mbili na nusu. Sanitaiza ilikuwepo mlangoni pale pia, na watu walijizuia kupeana mikono. Waliohudhuria walikuwa 61, mmoja wao akiwa na dalili kama za mafua. Ukimhesabu na yeye, walioambukizwa walifika 53: 33 walithibitishwa kwa vipimo na 20 walihesabiwa kwa dalili zao. Wawili walifariki. Ripoti ya uchunguzi huo ilichapishwa na CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, Mei 2020, nayo iko wazi kwa yeyote mwenye simu.

Mtu anapoimba au kupuliza, hatoi tu mate makubwa yanayoanguka chini. Anatoa pia chembe ndogo mno zinazoelea hewani, na kadiri sauti inavyopanda ndivyo zinavyozidi. Chumbani pasipo na pa kutokea, chembe hizo zinajazana kama moshi wa jiko la makaa lililowashwa ndani na mlango umefungwa. Mishale ya sakafuni haizifikii, na kipimajoto hakimtambui mtoto aliye na virusi lakini hana homa.

Wenzetu wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder na Chuo Kikuu cha Maryland wamelifanyia utafiti jambo hili hasa, la ala za kupulizwa na kuimba. Mapendekezo yaliyotokana nao si ya gharama: mdomo mpana wa tarumbeta uvishwe kitambaa, mpulizaji avae barakoa yenye mpasuo wa kupitishia kipande cha mdomoni, watu waachane karibu mita mbili, kipindi kisizidi dakika 30, kisha chumba kiachwe kitupu mpaka hewa ibadilike. Maji ya ala yamwagwe kwenye kitu cha kuyanyonya na kutupwa, si sakafuni. Na panapowezekana, watu wafanyie mazoezi nje.

Hapo pa nje ndipo ninaposhindwa kuwaelewa kabisa. Wanaofundisha muziki Ulaya mwezi huu wana baridi kali ya kuwafungia ndani. Sisi ni Mombasa, Februari, kaskazi inavuma bure tangu asubuhi. Nyumba yenu ina ua wenye kivuli cha mwembe na baraza pana upande wa nyuma, na vyote viwili mnavitumia kuegesha pikipiki. Mji huu taarabu yake ilipigwa uani na barazani miaka na miaka kabla ya trei za mayai, udi na fidla zikasikika bila taabu. Kama tatizo ni majirani, zungumzeni nao. Tarumbeta saa kumi jioni ni usumbufu, lakini ni usumbufu wa nusu saa, na majirani hao nao wana wazee ndani.

Nyumbani kwangu yupo mmoja. Mama mkwe wangu ana sukari na presha, na chanjo haijatufikia. Mji wa Kale ulipofungwa Mei mwaka jana tulikaa ndani tukimlinda yeye, watoto wakiwa na mori wa kutoka na hatukuwaachia. Siwezi sasa kuwapeleka kila Jumamosi kwenye chumba kisicho na dirisha, kisha wakirudi niwaambie wamsalimie bibi yao kwa mbali.

Lipo pia suala la fidla, nalitaja kwa ufupi kwa kuwa si la watoto wangu. Kijana wenu wa usafi ananyunyizia sanitaiza kwenye fidla za kukodi baina ya darasa na darasa. Alkoholi huyeyusha vanishi ya fidla. Ya mtoto wa jirani yetu imebabuka kifuani, na mzazi ameambiwa alipie matengenezo. Mikono ndiyo ioshwe kwa sabuni kabla ya kushika ala; fidla ipanguswe kwa kitambaa kikavu.

Nilipoomba watoto wafundishwe kwa video mpaka mambo yatengenezwe, nilijibiwa mambo mawili. La kwanza, asiyehudhuria darasani atakosa mtihani wa ABRSM, bodi ya Uingereza ya mitihani ya muziki. Hilo si sahihi. Tangu mwaka jana ABRSM wana mtihani wa kurekodiwa, ambapo mtoto anapiga au kuimba vipande vinne mfululizo mbele ya kamera na video inatumwa. Kituo cha muziki kinachowaandalia watoto mitihani hiyo kinapaswa kulijua jambo hilo kabla ya mzazi. La pili, karo ikishalipwa hairudishwi. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa mtumiaji wa huduma haki ya kulindwa afya na usalama wake, na haki ya fidia kwa hasara inayotokana na kasoro ya huduma. Nacho kinazihusu kampuni za watu binafsi sawa na serikali. Maandishi madogo nyuma ya risiti hayawezi kukishinda.

Naomba lieleweke kwamba sitaki mwalimu afukuzwe. Si yeye aliyenunua tarumbeta mbili kwa watoto wanne, wala si yeye aliyepigilia misumari. Yeye anashinda katika hewa ile kutwa nzima, kundi baada ya kundi, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamlinda yeye pia. Ajabu ni kwamba barakoa aliyokuwa nayo siku ile alijinunulia mwenyewe, nilimuuliza.

Ninachotaka ni kuimba na ala za kupulizwa kuhamie barazani au uani kuanzia sasa, na siku ya mvua kipindi kifanywe kwa video. Chumba kile kisitumiwe tena mpaka madirisha yazibuliwe, na hata hapo watoto wawe wachache, wa nusu saa, na pawe na nafasi ya hewa kutoka kabla ya wengine kuingia. Kila mtoto wa tarumbeta awe na kipande chake cha mdomoni. Vinauzwa peke yake bila tarumbeta, nami niko tayari kumnunulia wangu. Vya kituo vioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kila vinapotumika. Zulia liondolewe. Na vipindi ambavyo watoto wangu hawatahudhuria kuanzia leo hadi marekebisho hayo yafanyike, ama mvifidie muhula ujao au mnirudishie pesa kwa namba ileile niliyolipia.

Nasubiri jibu la maandishi kabla ya tarehe 1 Machi. Nikilikosa, nitaipeleka barua hii, pamoja na picha, kwa ofisi ya afya ya umma ya Kaunti ya Mombasa na kuomba waje kukagua chumba. Wazazi wengine wa darasa la tarumbeta wameisoma na wanangoja jibu hilohilo.

Wako mwaminifu,

Mzazi wa wanafunzi wawili, darasa la kuimba na darasa la tarumbeta

Viambatanisho: nakala ya ujumbe wa malipo ya M-Pesa, picha mbili za madirisha, picha moja ya zulia.