Kwa mpwa wangu anayetaka kuvua glavu

Mpwa wangu mpendwa,

Mama yako ameniambia unataka kuacha besiboli kwa sababu kocha amekushusha ukawa mpigaji wa tisa, wa mwisho kabisa kwenye orodha ya wanaopiga kwa zamu. Nakuandikia hadharani kwa kuwa wako watoto wengine wa kwetu huko Marekani wanaocheza mchezo huu, na nyumbani hawana wa kuzungumza naye.

Nataka umjue Gift Ngoepe. Alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1990. Mama yake, Maureen, alifanya kazi kwenye klabu ya besiboli ya Randburg Mets, jirani na Johannesburg, na alimlea humo humo klabuni. Mtoto akifungua mlango, yuko uwanjani. Mwaka 2008 alipata nafasi ya kwenda kwenye akademia ya Ligi Kuu ya besiboli ya Marekani iliyokuwa Tirrenia, Italia. Miongoni mwa walimu alikuwapo Barry Larkin, aliyekuwa shotstopu maarufu wa timu ya Cincinnati Reds, yaani mlinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu (besi ni vituo vya kukimbilia). Mwaka huo huo Pittsburgh Pirates, timu ya Ligi Kuu, wakamsajili.

Wengi wakisimulia habari zake hurukia mwaka 2017. Mimi nataka usimame hapo katikati. Alikaa misimu tisa kwenye ligi ndogo, zile za chini ya Ligi Kuu! Alipita timu za State College, West Virginia, Bradenton, Altoona, akafika Indianapolis, ngazi ya mwisho kabla ya Ligi Kuu. Mwaka 2013 mama yake akafariki, naye bado hajaiona Ligi Kuu. Na muda wote huo kigongo, kile cha kupigia mpira, kilikuwa kikimsumbua. Alikosa mipira mingi sana, msimu baada ya msimu.

Kwa nini hawakumwacha? Kwa sababu ya glavu, yaani ulinzi wake uwanjani. Wewe unajua kuliko mimi: mpira ukipigwa chini kati ya besi ya pili na ya tatu, aliyeupiga ana mita 27 hivi za kukimbia hadi besi ya kwanza, na akiwa mwepesi anazimaliza kwa sekunde nne na ushee. Ndani ya muda huo shotstopu aufuate mpira, auokote, ageuke na kuurusha kutoka mbali. Akibabaika kidogo tu, mtu amefika. Ngoepe alikuwa na miguu myepesi na mikono isiyobabaika, na Pirates walijua wachezaji wa namna hiyo hawaokotwi njiani.

Tarehe 26 Aprili 2017, akiwa na miaka 27, aliingizwa katikati ya mchezo dhidi ya Chicago Cubs, mabingwa wa mwaka uliotangulia. Hakuna mzaliwa wa Afrika aliyewahi kucheza Ligi Kuu kabla yake. Mara yake ya kwanza kushika kigongo, mrushaji alikuwa Jon Lester, na Ngoepe akaupiga mpira wake safi ukapita katikati ya uwanja. Pirates wakashinda 6 kwa 5. Nikitazama video yake akiwa amesimama besi ya kwanza, namkumbuka Maureen, na machozi hunilenga.

Sitakuficha yaliyofuata. Mwaka huo alicheza mechi 28, wastani wake wa kupiga ukawa .222, yaani mipigo miwili iliyofaulu katika kila nafasi tisa, akarudishwa Indianapolis. Mwaka 2018 Toronto Blue Jays walimpa mechi 13 tu. Kwa hesabu za kigongo ni kidogo. Lakini bila ile glavu asingefika hata Altoona.

Kwa hiyo kabla hujaamua, muulize kocha swali moja: amekuondoa pale kati ya besi ya pili na ya tatu? Mama yako anasema hapana, bado unaanza kila mchezo. Basi kocha amekushusha kwenye orodha ya wapigaji, lakini mahali pagumu kuliko pote amekuachia wewe. Upigaji tutaufanyia kazi. Mwombe akupe muda wa ziada baada ya mazoezi. Nami mwezi ujao nitatuma nauli ya kambi ya kiangazi, ukiniambia unaenda.

Mjomba wako